Wino Mmoja

Mjini Lom, hapa Danubi inapopita bila kusalimu,
mtu akifa tunambandika:
karatasi moja, picha, jina, miaka yake,
mlangoni pake, kituoni, kwenye nguzo mbele ya duka la mikate.
Mchapaji ni mimi. Kabla yangu, baba.
Zamani tanzia zilikuwa mbili kwa wiki, tatu,
na kadi za harusi ndizo zilizonilipia umeme.

Halafu vuli ile.

Serikali ilitangulia kuleta kazi:
mabango mia tano, NAWENI MIKONO.
Mwezi haujaisha, mia tano mengine: TUMESHINDA.
Sikuuliza tumemshinda nani. Bili ya gesi ilikuwa mezani.
Waziri alifunga baa Jumatatu, akazifungua Alhamisi,
Jumapili tukamwona harusini,
barakoa ikining'inia kidevuni kama kikapu kisicho na kitu.
Uchaguzi ukaja, ukarudi, ukarudi tena,
kila mgombea akiniachia tabasamu na deni.

Ndipo akaingia Krastyo wa gereji,
aliyewahi kunitengenezea breki asinitoze hata senti.
Alitaka mabango sitini ya maandamano:
VIRUSI NI HADITHI.
"Herufi nene," akasema, "meya azisome kutoka dirishani."
Nikamwambia dada yangu ni muuguzi, wodi ya mapafu.
Akacheka, wala si kwa ubaya.
"Dada yako analipwa kwa kila maiti. Kila mtu anajua."

Anajua.
Tsvetana, anayerudi alfajiri na mistari usoni
kama mtu aliyelalia uzio,
ambaye mshahara wake wa Septemba ulifika Novemba.
Nilitaka kuyasema hayo.
Nikasema, "Sitini. Njoo Ijumaa."

Na bado siwezi kumcheka.
Mdomo uliotudanganya miaka thelathini
siku moja ukasema kweli;
tungeijuaje, nayo imevaa koti la mwongo?

Waliandamana wakapita chini ya dirisha langu.
Nyuma kabisa, Nedyalka, mama yake Krastyo,
kitambaa cha maua kichwani,
anagonga sufuria kwa mwiko, nje ya mdundo.
Alikuja kwa sababu mwanawe amekuja.

Siku kumi na saba baadaye Krastyo yuko kaunta.
Picha mkononi: kitambaa kilekile.
"Andika, baada ya maradhi mafupi."
Nikaandika. Vidole vikangoja neno lingine.
Halikuja.
"Nakala ngapi?"
"Sitini," akasema,
kisha akajisikia alivyosema,
akageuka kuitazama mashine.

Wino ulikuwa uleule. Sikuwa na mwingine.

Kwetu tanzia hurudiwa siku ya arobaini.
Za mwizi ni arobaini, sawa; za uongo sijui ni ngapi,
maana aliporudi nilidhani atasema, futa, andika lile jina.
Hakusema.
"Acha hivyo hivyo," akanong'ona, "maradhi mafupi,"
na mimi nilikuwa nimeshaanza kumkasirikia
mlango wa nyuma ulipofunguka.

Tsvetana, ametoka zamu, kikombe cha chai mkononi.
Walitazamana muda mrefu.
Mashine ikameza karatasi, ikatema, ikameza.
Krastyo akavua kofia.
"Ulikuwepo?"
"Nilikuwepo."
"Alisema nini?"
Dada yangu aliweka kikombe chini polepole,
kama mtu anayelaza mtoto.
"Aliuliza kama umekula."

Alilipa kwa noti zenye alama za grisi.
Hakusubiri chenji.
Nilimwona akivuka barabara na ndoo ya gundi,
mvua imeshaanza,
na pale ukutani TUMESHINDA ilikuwa ikibanduka yenyewe,
kona moja, kona nyingine,
na chini yake nyuso za watu wa mwaka jana,
zimelowa, zinatutazama.