Kipengele cha Nne

Mikataba ya kupangisha siiandiki upya.
Iko kwenye kompyuta, faili linaitwa PANGO.
Nafuta jina la jana, naingiza la leo,
nabadilisha mtaa: Chuno, Likombe, Magomeni, Chikongola.
Kipengele cha nne sikigusi:
"Mpangaji atalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo."
Mwaka ule wa gesi tuliandika kumi na miwili
na wenye kofia ngumu walilipa bila hata kuketi.
Kofia zikaondoka Mtwara.
Bei haikukata tiketi.

Jumanne akaja karani wa manispaa na flashi:
nakala arobaini, rasimu ya sera,
mkutano wa maoni saa nne, chai ipo.
Mashine yangu ina tabia ya kutafuna.
Ikatafuna ukurasa wa kumi na moja.
Nikauvuta polepole, bado wa moto,
nikausoma huku naunyoosha pajani:
kodi ilipwe mwezi kwa mwezi,
dalali asilipwe na mpangaji,
halmashauri itenge viwanja vya nyumba za bei nafuu.

Ilipwe. Asilipwe. Itenge.
Niliishia kidato cha nne, lakini nakijua kitenzi
kinachobisha hodi na kusubiri nje.

Nikachapa mwingine. Karani akahesabu arobaini zake.
Ule uliokunjamana ukabaki kwangu.

Saa nane wakaingia Somoe Nangomwa
na Mzee Nalinga mwenye nyumba.
Somoe anafua mashuka hospitali ya Ligula.
Wiki ya tatu sasa yeye na wanawe wawili
wanalala sebuleni kwa shemeji,
sufuria ndani ya kiroba, godoro likikunjwa kabla ya alfajiri
ili wenyewe wapite.
Ana paa, kwa hiyo hakuna atakayemhesabu.
Chumba kiko Chuno: elfu arobaini,
choo cha nje, LUKU ya kuchangia.

Sijui nini kilinipata.
Nilipofika kwenye cha nne
vidole vikaandika: mwezi mmoja.

Mzee Nalinga husoma kwa kidole,
kama anayechambua mchele wa mgeni.
Kidole kikasimama.
"Kijana, hapa umekosea."

Nikampa ukurasa wa kumi na moja.
Akausoma wote. Akaugeuza aone nyuma.
Nyuma hakukuwa na kitu.

"Nyumba ile," akasema, "ni korosho za misimu saba.
Bati za mbele ni ule mwaka wa bei nzuri,
za jikoni ni deni.
Msimu huu mzigo uko ghalani,
nina stakabadhi, sina hela,
na msimamizi wa mikorosho anataka dawa ya kupulizia.
Hao wanaosema ilipwe,
walinichangia msumari upi?"

Nikatafuta jibu kwenye ukurasa. Halikuwemo.

Somoe hakuitaja sera.
Alitoa bahasha ya mshahara,
akazipanga noti mezani kwangu, juu ya vipande vya picha:
laki moja na ishirini.
"Zilizobaki ni sare za shule," akasema,
"na hizo sikuhesabii."

Feni ikazunguka. Mlangoni mtu akaulizia picha za pasipoti.
Mzee akautazama ukuta, pale nilipobandika bei ya kulaminisha,
akautazama sana.
"Mitatu," akauambia ukuta.

Nikafuta. Nikaandika mitatu.
Si sita ya mji, si mmoja wa rasimu.
Wakasaini, mimi nikawa shahidi,
nikatoza elfu mbili, mzee akaomba chenji.

Mkataba wangu mwenyewe unaisha tarehe thelathini.
Nilipotaka kulifunga faili,
kompyuta ikaniuliza kama inavyouliza siku zote:
uhifadhi mabadiliko?

Sijaijibu.
Mteja wa picha ameshaketi,
anarekebisha kola.