Kipimo cha Masikio

Mwaka ule bibi yangu Shizue alisadiki amekuwa kiziwi.
Si kwa sababu ya simu, wala redio, wala sisi:
ni nyenje.
Miaka arobaini walimlilia chini ya dirisha la jikoni, pale Kapaa,
tangu enzi za zamu ya usiku kiwandani,
glavu zake zikinuka nanasi lililochacha.
Sasa anafungua dirisha, anainamisha kichwa,
anafunga.
"Yamekwisha," alisema,
akigusa sikio kama mtu anayegusa jino bovu.

Nikampeleka Lihue.
Daktari Agbayani akamvalisha vidude kichwani,
akampigia filimbi nyembamba, ya juu, ya chini,
na kila mara bibi aliinua kidole kama mtoto wa shule.
"Mama, masikio ni ya umri wako.
Lakini nyenje? Nyenje ungemsikia."
Bibi akanitazama
kana kwamba ni mimi niliyewaficha.

Wiki hiyohiyo akaja Kaimi, mwanafunzi wa chuo,
taa kichwani, magoti yamelowa,
akaomba ruhusa ya kutambaa kwenye nyasi zetu.
Bibi akatoka na kandambili.
Na pale, ndani ya duara la mwanga,
tukawaona: kumi, thelathini, sikumbuki,
weusi, wanene, wazima.
Uwanja umejaa nyenje
na hakuna hata mmoja anayelia.

Kaimi akatueleza habari ya nzi.
Nzi huyu ana masikio kutushinda sote.
Husikia dume akimwita jike, naye huwahi kufika,
huacha mabuu mgongoni mwa mwimbaji;
mabuu huingia, hula kwa adabu, wakianza na pasipoua,
na baada ya wiki hutoka,
ganda likabaki.
Mdomo huponza kichwa, nikasema.
"Bawa," Kaimi akanisahihisha. "Nyenje halii kwa mdomo."

Halafu, mahali fulani, katika yai moja,
herufi ilinakiliwa vibaya.
Hakuna aliyeomba. Hakuna aliyemwogopa nzi akaazimia kunyamaza;
kosa halijui hata kama kuna nzi.
Dume akazaliwa na bawa laini kama kucha,
halina meno ya kukwaruza.
Kwenye kisiwa kisicho na nzi angekufa mseja,
akazikwa na kosa lake.
Hapa, nzi alimpita.
Akaenda kusimama karibu na mmoja wa waimbaji waliosalia;
jike akaja akifuata sauti ya mwingine
akamkuta yeye njiani.
Binti zake walilibeba kosa wasijulikane.
Wajukuu wa kiume, nusu yao, wakazaliwa bubu.
Waliolia waliliwa.
Vizazi ishirini, ambavyo kwa nyenje ni miaka mitano hivi,
muda wa bibi kuchakaza kandambili jozi mbili,
na uwanja ukawa wao.

Bibi akauliza swali ambalo Kaimi hakuliandika:
"Wakinyamaza wote, nani atasimama karibu na nani?"
Kaimi akasema hajui.
Akasema ndilo lililomleta.

Kabla ya kuzima taa alituonyesha mmoja, juu ya jiwe.
Ameinua mabawa,
anayasugua, anayasugua,
kwa mapigo yaleyale ya babu zake,
na hakuna kinachotoka.
"Bawa limebadilika," Kaimi alisema. "Mwili bado haujaambiwa."

Bibi hakujibu. Alirudi ndani.
Kiwanda kile kilifungwa kabla mama yangu hajaolewa,
lakini usiku huo, nikipita mlangoni pake,
niliiona mikono yake juu ya shuka,
wa kushoto unazungusha, wa kulia unachomoa macho ya nanasi,
moja, jingine, jingine.
Dirisha alikuwa ameliacha wazi.