Kamba za Mzinga

Ghalani Rustaki, nyuma ya mlango wa chuma,
wamenipa kazi ya kuandika vibandiko.
Mzinga wenyewe uko uani, watoto wanaupanda wapigwe picha.
Kamba nimeachiwa mimi.

Naanza na hatamu, kwa kuwa ni nyepesi:
ngozi imekauka, ukiikunja inalia.
Lijamu limetafunwa pembeni
na farasi aliyechoka kuambiwa.
Kola sita za shingo; panya wamezitoa utumbo.
Na mkanda huu wa matakoni, wa jozi ya nyuma tu,
maana mlimani kila farasi ni shujaa,
kwenye mteremko ndipo hujulikana nani anazuia.

Dadmurad, Mbalushi, mjukuu wa fundi matandiko,
alikuja Jumatatu na kikohozi chake
akanionyesha kwa kidole: hapa kulabu, hapa pini,
hapa mnyororo ulimpiga farasi wa kushoto kila hatua,
angalia, pameshonwa mara mbili.
Babu yake alishona usiku, kwa nta na uzi wa kitani,
bila kuuliza mzinga unakwenda kumpiga nani.
"Nawashonea farasi," alikuwa akisema, "siwashonei vita."
Nikaliandika hilo, kisha nikalifuta.
Kibandiko kina nafasi ya maneno ishirini.

Halafu ile kubwa, ya kukokota kwa mikono
pale bonde lilipowashinda farasi
na magurudumu yakazama changaraweni:
unene wa mkono wa mtoto, dhiraa arobaini,
vitanzi vya kupitisha bega kila hatua mbili.
Dadmurad akasema, mtende.
Nikainama, nikanusa.

Si mtende. Mtende hunuka vumbi.
Hii ina kitu chini ya vumbi:
shimo la ufukweni Pemba, makumbi yamezikwa miezi yakaoza,
mama yangu na wenzake magotini matopeni
wakiyaponda kwa rungu, wakitukana bei,
kisha wakisokota juu ya paja
mpaka paja likaishiwa malaika.
Waliowatangulia, nani aliwaambia kamba inakwenda wapi?
Walidhani kitanda. Walidhani ng'ombe.

Kamba hukatikia pabovu, ndivyo tulivyofunzwa.
Hii nimeipitisha vidoleni yote, pima kwa pima.
Haina pabovu.
Kitanzi cha saba ni cheusi kwa jasho la mtu.

Kwenye fomu, mbele ya neno Asili, mkuu ameandika: haijulikani.
"Acha hivyo, Thuwaiba," amesema, "nani atasoma?"

Nikatoka uani nipumue.
Mdomoni mwa mzinga nyuki wanaingia na kutoka
kana kwamba wanajua Kiswahili.
Mlinzi anasema Alhamisi watapuliziwa dawa.

Nimerudi ndani. Nimeandika:
Usumba. Pemba. Wanawake.
Nimebakiwa na maneno kumi na saba.