Dirisha la Ubavuni

Saa tisa na dakika arobaini usiku, Łódź imelala,
mkono wangu wa kushoto unasukuma blanketi mbele
taratibu, kidato kwa kidato,
kama mtu anayeng'oa tramu kituoni asimwage chai ya abiria.
"Bogumiła," Zbyszko ananong'ona, "tumefika wapi?"
Anacheka, anageukia ukuta, anakoroma.
Mimi nabaki macho, breki mkononi.

Jana walinipa saa ya ukutani,
mimi, niliyekula miaka thelathini na minne kwa sekunde.
Walinipa keki: namba kumi na mbili kwa sukari ya samawati.
Mkuu wa karakana alisoma hotuba, jina langu akalikosea,
akaniita Wrzosińska, nikapigiwa makofi nikiwa mwingine.
Kisha bahasha. Kiinua mgongo.
Nikaenda kucheka chooni peke yangu.
Mgongo upi? Huu ambao pingili zake mbili zimeshikana
kwa mitikisiko ya reli na baridi ya Januari?
Huu hauinuliwi na noti. Labda winchi.

Wakubwa hung'atuka, magazeti yakaandika.
Sisi tunarudisha ufunguo, tunatia sahihi penye alama ya penseli,
tunaulizwa kama tumebakiza kikombe kabatini.
Nilibakiza. Sikusema.

Asubuhi nikakata tiketi.
Kituoni nilisimama upande usio wangu, upande wa wanaosubiri,
nikaelewa kwa nini siku zote walikuwa wamenuna:
dakika tatu za kusubiri ni ndefu
kuliko dakika tatu za kuchelewa.
Akaja Jagoda, mwanagenzi wangu wa zamani,
niliyemfundisha kumwaga mchanga relini
barafu inapogeuza mteremko kuwa kioo.
Alinipungia. Nikaketi kiti cha tano, dirisha la ubavuni.

Jamani, kumbe mtaa una mbavu!
Mimi nilijua uso wake tu:
reli mbili zinazoahidiana kukutana kule mbele
na hazikutani, hata ungeendesha mpaka ufe.
Sasa naona duka lisilouza kitu ila vifungo,
mwanamume katika chumba cha chini ya ardhi akipiga pasi kanzu ya padri,
ukuta wa kiwanda cha nguo kilichofungwa,
mti mwembamba umeota kati ya matofali, haudaiwi kodi,
na ghorofa ya pili, roshanini, mzee mwenye koti la kulalia
akiinua kikombe tulipopita.

"Anamsalimu nani?" nikamuuliza msichana aliyekaa karibu.
"Dereva," akasema, macho kwenye simu.
"Kila siku. Tangu niko darasa la kwanza."

Mwisho wa njia nilimwendea Jagoda:
ukirudi, roshani ya ghorofa ya pili,
kabla hujafika kwenye vifungo. Piga kengele.
"Kanuni zinakataza kengele pasipo hatari, Bi Bogumiła."
Najua. Mtihani wako aliusahihisha nani?

Nikarudi kwa miguu. Vituo kumi na saba.
Mguu wa kulia ulitafuta pedali kila penye kona,
ukakuta lami, ukakuta majani makavu, yakalia.
Hakuna aliyekuwa nyuma yangu akitazama saa.
Chini ya ile roshani niliinama kufunga kamba ya kiatu
(kuinama naweza; kazi ni kule kuinuka)
na tramu ikanipita.
Kengele ikalia, mara moja.

Huenda alikuwa mbwa tu, relini.
Sikuwahi kuona.
Nilikuwa bado nainuka.