Kifundo

Ilikuwa Zeniti, nzito kama pasi ya mkaa,
namba ya ofisi imechorwa kitakoni kwa rangi nyeupe: saba.
Asubuhi unaitilia saini, jioni unaitilia saini,
na ukiipoteza, alisema mhasibu, utakatwa mshahara mpaka wajukuu.

Elingaya alikuwa wa jicho. Mimi wa dawa na maji.
Nilikoroga dawa kwenye stoo ya zamani ya kahawa,
taa nyekundu, blanketi mlangoni,
na maji ya bomba la Moshi
yanayofika mjini yakiwa bado yanaikumbuka barafu.

Mwaka ule wa foleni za sukari
tulipewa mkanda mmoja kwa wiki,
picha thelathini na sita, mkoa mzima.
"Usimpige anayepiga makofi," alinifundisha.
"Mngoje achoke."

Siku hiyo Kibosho walizindua mtambo wa kumenya kahawa.
Mgeni rasmi, utepe, mkasi juu ya sinia,
watoto wa shule wamepakwa mafuta hadi magoti yanameremeta.
Niko nyuma yake na begi, nikaona:
anavuta mkono wa kamera, kra,
na kile kifundo cha kushoto, cha kurudishia filamu,
hakizunguki.

Wenye kazi hii wanajua.
Kisipozunguka, filamu haikushika meno.
Imelala ndani ya mkebe wake
kama mgonjwa aliyegeukia ukuta,
nawe unapiga hewa.

Nikamgusa kiwiko. Akakitazama kifundo.
Utepe ulikwisha katwa; nani angemwambia mkubwa aukate tena?
Ila dakika mbili zingetosha kuuvisha mkanda upya
chini ya koti langu.
Mpaka leo sijui kwa nini hakuniomba koti,
wala kwa nini mimi sikulivua.
Akavuta mkono, kra.
Ishirini. Ishirini na moja.

Ndipo akaja Mama Ndekusara
ndani ya koti la sufu la marehemu mumewe,
vifungo vinne vyeusi, na cha tano, si cha ukoo wao,
kimeshonewa uzi mwekundu.
"Na mimi," akasema. "Sijawahi."
Akasimama kando ya mtambo, akabana pumzi.
Elingaya akamnyoosha kola.
Akampiga tatu.

Gazeti lilitoa mistari minane, bila picha.

Kila Jumamosi alishuka sokoni kwa miguu,
akapitia kaunta yetu na chane ya ndizi.
"Bado iko majini?"
maana niliwahi kumweleza kwamba picha huoshwa.
"Bado, mama. Iko majini."
Jumamosi nne. Ndizi nilizila.

Ya tano Elingaya akapanda mwenyewe,
na mkanda ule ule, mzima, haujaona jua.
Tukamkuta kihambani akipalilia, kanga kiunoni, udongo hadi kwenye viwiko.
"Simama, mama, nikupige nyingine."
"Nyingine ya nini? Ile ina koti.
Koti nimeliuza, nimelipa ada.
Nenda kaitafute ile."
Akaendelea kupalilia.

Njiani hatukusemezana. Kwenye daraja la mfereji
Elingaya akafungua kifuniko cha lenzi, akakifunga,
akakifungua, akakifunga.

Ofisi ilipovunjwa hakuna aliyeidai namba saba.
Ninayo. Ngozi imebanduka, kioo kina ukungu,
na kifundo, sasa hakuna cha kurudisha,
kinazunguka chenyewe nikikigusa.

Nimezamisha nyuso elfu kadhaa katika sinia zile,
watu wa heshima, miwani, tai.
Wengi sikumbuki hata kifungo.

Na hata filamu ingeshika meno siku ile,
ilikuwa nyeusi na nyeupe tu.
Uzi ule ungetoka wa kijivu,
kama mwingine wowote.