Nimepanda

Mbegu zilikuja ndani ya bahasha ya mshahara,
laini kama ugoro uliomwagika mfukoni.
Atuganile, huko kwenye mashamba ya maua ya Arusha,
aliandika kwa kalamu nyekundu: Mama, usizifukie.
Ziguse udongo tu. Zinataka mwanga.

Mimi ni mtu wa viazi. Mkono wangu umezoea kuzika.
Nilitoboa kopo la rangi kwa msumari,
nikachekecha udongo mweusi wa migombani,
nikazinyunyiza, nikapuliza maji kwa mdomo
kama fundi cherehani anayelowanisha shati
kabla ya pasi.

Mwezi mzima, kopo la udongo.
Kisha kijani kidogo, mfano wa ukungu wa mkate.
Asumwisye akapita na beseni akitoka sokoni Ndaga:
"Jirani, siku hizi unafuga magugu?"

Mwaka wa kwanza, majani.
Mwaka wa pili, majani,
na mizizi inayotambaa chini ya mawe bila hodi.
Atuganile alipiga simu: "Yamechanua?"
"Bado."
Akapiga tena. "Bado."
Baadaye akawa anauliza habari za ng'ombe.

Usiku mmoja jalidi ilishuka kutoka Uporoto,
viazi vikaamka vyeusi, vimepikwa bila moto.
Nilihitaji kitu cha kugombana nacho.
Nikang'oa lile tandiko lote,
nikalitupa nyuma ya choo, kwenye majivu na maganda.
Sikumwambia mtu.

Mwaka huu, mwezi wa saba,
mabua yameshalishwa ng'ombe,
kila kilichotaka kuonekana kimeshaonekana,
nikaenda kumwaga majivu, nikasimama na ndoo.

Zambarau.
Kuanzia chooni hadi mfereji, hadi ua wa Asumwisye,
maua madogo yenye jicho la njano
yamekaa katikati ya kipupwe
kama wageni waliochelewa harusi
na bado wakaenda kukaa mbele.

Upande wa pili Asumwisye ameinama, jembe mkononi.
"Haya magugu yako," akasema bila kuniangalia,
"wiki ya pili hii nayapalilia."

Ukungu ulikuwa umemeza mtandao.
Nikashika njia ya juu, kwenye kisiki
ambapo simu hukubali.

"Mama, mbona unahema?"
"Nimepanda."
"Umepanda kilima? Au umepanda nini?"

Pumzi ilikuwa haijanirudia.
"Sikuzifukia," nikasema.