Bati Ishirini na Nne

Viatu ni vya binamu Erasto, namba arobaini na tatu.
Mimi navaa arobaini na moja.
Ncha nimezijaza fomu za kuwekea fedha, zilizokosewa,
kwa hiyo wiki nane nimeikanyaga benki kubwa
na benki imenikanyaga kidogo, kwenye kidole gumba.

Ghorofa ya sita, Mtaa wa Samora. Julai:
nje kipupwe, ndani kiyoyozi kinaongeza chake.
Somo la kwanza alilonipa Bi. Nakijwa:
"Noti huigusi. Hata ikianguka, ita mtu."
Miaka miwili chuoni nimesomea mtiririko wa fedha,
nimefika kwenye chemchemi nimefungwa mikono,
nanusa tu: wino, jasho, samaki.

Kazi yangu orodha. Akaunti zilizolala,
mia mbili na kumi na mbili,
majalada yameletwa kutoka matawini na vumbi lake.
Piga simu. Jaza. Safu ziko nne:
*Hapatikani. Namba si yake. Amefariki. Atakuja.*
Akaunti hulala miaka mingapi kabla ya kufa?
Niliuliza. Bi. Nakijwa akasema, jaza.

Kuna aliyedhani mimi tapeli, akanitukana hadi kwa babu.
Kuna aliyecheka: "Mwenzako wa jana nilishamtumia," akakata.
Kuna mama aliyeniuliza kama nimekula.
Hiyo haina safu.

Namba mia na saba: Somoe Abdala Likwata, Chanika.
Salio, elfu kumi na moja na mia mbili.
Kwenye fomu ya zamani, pale penye madhumuni,
wengine wote wameandika *akiba*.
Yeye kaandika, kwa herufi zinazopanda mlima,
*bati 24*.

Akapokea mwanamume. Akanyamaza. Nyuma yake kuku.
"Somoe tumemzika, mwaka wa tano huu."
Nikatia alama safu ya tatu.
Nilitakiwa nikate hapo. Nikauliza: na bati?
"Kumi na tisa tuliezeka. Zikabaki tano.
Jiko ni la makuti mpaka leo,
mvua ikija tunahamisha mafiga."
Elfu kumi na moja haifiki bati moja.
Sikumwambia. Bei anaijua kuliko mimi.

Akaja. Ijumaa ya mwisho, shati limepigwa pasi,
bahashani cheti cha kifo na picha ya nyumba.
Bi. Nakijwa akamweleza vizuri, kwa sauti ya chini:
mahakama, usimamizi wa mirathi, tangazo, muhuri.
Nauli peke yake ingelimeza salio na kulamba sahani.
"Fedha sikuifuata," akasema.
"Alikwenda ngumbaru miezi mitatu
ili siku ya benki asiweke dole gumba.
Sahihi yake sikuwahi kuiona.
Siku ile nilibaki nje, nalinda baiskeli."

Kanuni naijua, nimeitoa nakala mwenyewe mara tatu:
sahihi ya mteja haonyeshwi mtu.
Bi. Nakijwa akakumbuka ana simu ya kupiga,
kule, mwisho wa ukumbi.
Nikalifungua jalada, nikaligeuzia upande wa pili wa meza,
nikainama chini kufunga kamba za viatu.

Zilikuwa zimefungwa.
Nikazifungua, nikazifunga. Nikazifungua tena.
Juu yangu kidole kilikuwa kinatembea kwenye karatasi,
taratibu, kinapanda mlima.

Katika daftari la mafunzo, wiki ya nane,
palipoandikwa *ujuzi uliopatikana*,
nimeandika: kupanga majalada.
Bi. Nakijwa akasoma,
akaniangalia viatu,
akasaini.